Viazi vitamu nyuma ya nyumba, Mwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara, kuanzia marando hadi michembe

Maswali haya yanatoka kwa watu wanaolima viwanja vidogo Buswelu, Kisesa, Buhongwa, Usagara, Sengerema na hata Ukerewe. Mengi huulizwa mwezi wa saba na wa nane, viazi vikiwa vimeshatobolewa, wakati dawa yake ilitakiwa mwezi wa kupanda. Kiazi kitamu huanza kuhifadhiwa siku unayochagua rando, yaani kipande cha shina cha kupandia, siyo siku unayokifukua. Kama una muda wa kusoma majibu mawili tu, soma la marando na la fukusi, mdudu anayetoboa viazi.

Kwa nini viazi vitamu? Mimi nataka viazi mviringo, vya chipsi. Havioti Mwanza?

Vinaota. Majani yatapendeza, utafurahi, halafu ukifukua utakuta viazi vichache vidogo. Kiazi mviringo hutengeneza kiazi vizuri udongo ukiwa na nyuzi joto kama 15 hadi 20, na joto likikaribia 30 kazi hiyo karibu inasimama. Ziwa letu, Viktoria, liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mchana hapa hufika nyuzi 27 hadi 29 karibu mwaka mzima. Viazi mviringo vinavyouzwa masokoni kwetu vinatoka nyanda za juu kama Njombe na Mbeya, ambako usiku una baridi ya kweli. Kuna pia mnyauko wa bakteria, ambao hupenda joto na hukaa kwenye udongo. Ukiwa umelima nyanya hapo zikanyauka ghafla zikiwa bado za kijani, usipande viazi mviringo mahali hapo.

Ukivinunua, viweke gizani penye hewa, mbali na vitunguu. Vikipigwa na mwanga vinageuka kijani, na pamoja na ukijani huo sumu ya solanini huongezeka. Kata sehemu hiyo kwa kina au tupa. Viazi vitamu havina shida hiyo. Vina shida zake nyingine.

Nipande mwezi gani?

Inategemea unataka kula au kuhifadhi.

Kwa kula, panda mvua za vuli zikishika vizuri, mwishoni mwa Oktoba hadi Desemba. Aina za muda mfupi huanza kuliwa baada ya miezi mitatu na nusu au minne, nyingine huchukua mitano hadi sita.

Kwa kuhifadhi, mimi napendelea kupanda Januari mwishoni hadi Februari, ili mavuno yaangukie Mei au Juni. Hapo mvua za masika zimekata, udongo bado una unyevu kidogo wa kufukulika bila kuvunja viazi, na jua la kuanikia limeanza. Wengi hupanda Machi, viazi vinakomaa Agosti ardhi ikiwa imekauka na kupasuka, na fukusi wanakuwa wameshavuna kabla yao.

Nichague aina gani?

Polista ndiyo iliyozoeleka Kanda ya Ziwa, na kuna sababu. Ina unga mwingi, haina maji, ikichemshwa inashikana, na ndiyo inayotoa michembe mizuri (viazi vilivyokatwa vibichi na kukaushwa). Kwa anayependa kiazi kikavu, sioni haja ya kumshawishi aiache.

Lakini kama nyumbani kuna mtoto wa chini ya miaka mitano au mama anayenyonyesha, tenga angalau matuta mawili kwa viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa. Ejumula, Kabode, Mataya na Kiegea ni baadhi ya majina utakayoyasikia. Rangi ile ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kipande cha gramu 125 kilichochemshwa kinatosha mahitaji ya siku ya mtoto mdogo. Kiponde, tia mafuta kidogo au karanga zilizosagwa, kwa sababu vitamini A huhitaji mafuta ili mwili uichukue.

Mmoja wa watafiti waliofanya viazi hivi vienee ni Mganda, Robert Mwanga, ambaye mwaka 2016 alipewa Tuzo ya Chakula Duniani pamoja na Maria Andrade, Jan Low na Howarth Bouis. Nalitaja hilo kwa sababu watu wengi bado wanadhani viazi hivi vya chungwa vimetiwa kitu. Havikutiwa kitu, vimechaguliwa na kuzalishwa kwa uvumilivu wa miaka mingi, na vingine vilizalishwa upande wa pili wa ziwa hili hili.

Mtu akisema viazi lishe vina majimaji, ana haki kwa aina za zamani. Kabode ina unga wa kutosha. Ionje kwanza ndiyo useme.

Marando nayapata wapi, na nitajuaje kama ni mazuri?

Hapa ndipo bustani nyingi zinapoharibika, kwa sababu marando hutolewa bure na kitu cha bure hakikaguliwi. Jirani anavuna, anakurushia mzigo wa marando juu ya ua, nawe unashukuru. Ndani ya mzigo huo kuna mayai ya fukusi kwenye shina la chini na pengine virusi kwenye majani.

Kagua shamba kabla ya kukata. Mmea wenye virusi huonekana umedumaa kuliko wenzake, majani yake madogo, yamekunjamana, na rangi ya njano kati ya mishipa. Usichukue chochote kwenye mmea huo, hata tawi linaloonekana zima. Chukua kwenye mimea yenye nguvu ya miezi miwili hadi mitatu, na kata upande wa nchani tu, sentimita 25 hadi 30, lenye vifundo sita hadi nane. Shina la karibu na ardhi liache, kwani fukusi hutaga huko.

Kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru, kule Misungwi, kinashughulika na mihogo na viazi vitamu, na ni mahali pazuri pa kuulizia mbegu safi. Afisa ugani wa kata naye huwajua wakulima wanaozalisha marando ya kuuza. Kulipia marando kunauma, najua. Ila mmea wenye virusi huweza kupoteza zaidi ya nusu ya mavuno, na hakuna dawa ya kuuponya.

Ukishakata, marando yanaweza kukaa kivulini siku moja hadi mbili yakiwa yamefungwa na kufunikwa kwa gunia bichi. Yatalegea kidogo na vifundo vitaanza kutoa vizizi. Hiyo ni nzuri.

Nakaa mlimani, kiwanja changu ni mawe matupu. Nitalima wapi?

Swali la watu wa Mabatini, Bugando na Kitangiri hilo. Tumia viroba. Kiroba cha kilo 50 kilichojazwa udongo wa kichanga uliochanganywa na mboji hubeba marando matatu, siyo zaidi. Toboa chini maji yatoke. Usikijaze samadi, na usikiweke juu ya jiwe linalopigwa na jua mchana kutwa, maana jiwe lile huhifadhi joto hadi usiku na mizizi inaungua. Kiweke ubavuni mwa mwamba, upande wa jua la asubuhi.

Ukiwa na udongo uliojikusanya kati ya mawe, hata wa kina cha sentimita 40, huo ni bora kuliko viroba vyote. Udongo wa pale mara nyingi ni ule wa kichanga ambao Wasukuma huuita luseni, na kiazi kitamu huupenda. Mbuga nyeusi, ule udongo mzito wa mfinyanzi, ndiyo mbaya: mvua ikinyesha inashika maji viazi vinaoza, jua likiwaka inapasuka na kumfungulia fukusi mlango.

Wenye nyumba kwenye mawe pia wana pimbi. Wanashuka alfajiri kula majani, na sijaona dawa inayowafukuza zaidi ya uzio wa wavu au kupanda karibu na mlango anapolala mbwa.

Matuta yawe na ukubwa gani?

Mita moja kutoka mgongo hadi mgongo, urefu wa kwenda juu sentimita 40 hivi. Kwenye mteremko, tuta likingame, lisishuke na maji. Rando hadi rando sentimita 30. Lilaze kwa mshazari na ufukie theluthi mbili, nchani pabaki nje pakiangalia juu. Kiwanja cha mita 10 kwa 5 kinapata matuta matano na marando kama 165. Shina lililotunzwa likitoa nusu kilo tu, hiyo ni zaidi ya kilo 80, karibu debe tano, kutoka sehemu ambayo wengi wanaiachia magugu.

Panda jioni, au siku ya mawingu.

Majani yamejaa mpaka uani kwa jirani, lakini chini hakuna viazi. Nini kimetokea?

Karibu kila mara ni mojawapo ya haya matatu: samadi nyingi, kivuli, au kiwanja kilichokuwa zizi au jalala. Naitrojeni ikizidi, mmea unajenga majani na kusahau mizizi. Bustani ya nyumbani huwa na rutuba zaidi ya shamba, kwa sababu maji ya vyombo na takataka vyote huishia hapo. Kama mchicha ulistawi sana msimu uliopita, viazi havihitaji samadi kabisa msimu huu.

Wanachohitaji viazi ni potashi, na majivu ya jikoni yanayo. Tawanya kopo moja la lita moja kwa kila mita nne za tuta wakati wa kuinua udongo, changanya, basi.

Kuna pia marando yanayotambaa na kutoa vizizi kila kifundo kinapogusa ardhi. Wakati wa palizi yanyanyue na kuyageuzia juu ya tuta. Usiyakate.

Naweza kuchuma matembele kwenye viazi hivyo hivyo?

Kidogo, kuanzia wiki ya sita, vichwa vichanga vya hapa na pale. Ukichuma kila siku kwa ajili ya mboga, usitarajie viazi, kwa maana majani ndiyo yanayopika chakula cha kiazi. Nakushauri utenge kona ya matembele peke yake, karibu na bomba au karo la kufulia lisilo na sabuni nyingi, na huko uchume utakavyo.

Fukusi! Kila mwaka nafukua viazi vimetoboka. Nifanye nini?

Ukimjua mdudu huyu jinsi anavyoishi, utaacha kumwogopa.

Fukusi mzima ni mweusi, mwembamba, urefu wa milimita sita hivi, mwenye mdomo mrefu uliopinda kwa mbele. Ukimgusa anajiangusha na kujifanya mfu. Jike hutoboa kijishimo kwenye kiazi au kwenye shina, hutaga yai moja, kisha huliziba kwa kinyesi chake. Funza anayeanguliwa ni mweupe, hana miguu, na kuanzia hapo anaishi ndani akichimba njia. Katakata kiazi kilichoathirika utaona vijia hivyo vimejaa unga wa kahawia uliolowa, na pembeni yake nyama imegeuka kijani kibichi chenye weusi. Kiazi ndicho kinachotoa rangi hiyo pamoja na uchungu, kikijikinga.

Sasa jambo la msingi: fukusi hawezi kuchimba udongo. Mdomo wake ni wa kutoboa kiazi, na miguu yake ni ya kutembea. Anakifikia kiazi kwa kupita kwenye ufa wa ardhi au kwa kukikuta kimechungulia nje. Kazi yako ni kuziba ufa, na jembe linatosha.

Wiki ya nne baada ya kupanda, palilia na uinue udongo. Wiki ya nane, inua tena. Viazi vinaponenepa vinapasua tuta. Baada ya kila mvua kubwa pita ukikanyaga nyufa kwa mguu au kuzijaza udongo. Ukiwa na majani makavu au mabua, funika mgongo wa tuta ardhi isikauke haraka.

Vuna kwa wakati. Desturi yetu ya kuacha viazi ardhini na kufukua vya kula tu ni nzuri wakati wa mvua na ni hatari kiangazi. Kuanzia Julai udongo unapasuka kila siku, na kila wiki unayochelewa unawalisha wao.

Usirudie viazi mahali pale pale. Panda mahindi, maharage au karanga msimu mmoja au miwili. Usiweke bustani mpya ubavuni mwa ya zamani, kwani fukusi hatembei mbali sana, hata mita mia kadhaa humtatiza. Na baada ya kuvuna, okota vile vipande na vijiazi vinavyobaki. Hivyo ndivyo vinavyowatunza hadi msimu ujao. Vichomwe, au vizikwe kina cha jembe mbili.

Wanaoniuliza sumu ya kupuliza nawajibu kwamba mdudu akiwa ndani ya kiazi sumu ya juu haimfikii, bali inafika kwenye matembele wanayokula watoto wako.

Na viwavi je? Majani yamebaki mishipa mitupu.

Viwavi vyeusi vyenye miiba laini, vikiwa vidogo hukaa kundi moja ndani ya utando kwenye jani. Hujitokeza zaidi jua likiwa kali. Vunja jani lile lenye utando, likanyage. Bustani ya nyuma ya nyumba unaimaliza kwa asubuhi moja. Mmea utachipua tena.

Inzi weupe na vidukari ni wadogo na madhara yao ya kufyonza ni kidogo, lakini ndio wanaobeba virusi. Ng'oa mmea wenye majani yaliyokunjamana mara tu unapouona, hasa mwezi wa kwanza.

Nina kipande kando ya ziwa, maji yako karibu. Si ndiyo pazuri zaidi?

Kwa kumwagilia, ndiyo. Kwa mambo mengine angalia mara mbili. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na udongo unaolimwa pale ukingoni unaishia majini, kwenye mazalia ya samaki. Kaa nje ya mita hizo.

Ziwa nalo hupanda. Mwaka 2020 maji yalifika mahali ambapo watu walikuwa wamejenga na kulima miaka mingi. Kiazi kikikaa majini siku mbili tatu kinaoza, au kinakuwa kigumu kisichoiva.

Ukichota maji ya kumwagilia, vaa mabuti. Kichocho kipo katika fukwe nyingi za ziwa hili na kinaingia kupitia ngozi ya miguu iliyosimama majini. Kwenye maeneo ya viboko, usiende bustanini kabla jua halijatoka wala baada ya kuzama. Bustani moja haina thamani ya mtu.

Nitajuaje kama vimekomaa?

Majani ya chini yanaanza kuwa manjano na udongo wa tuta umepasuka. Fukua kimoja, kikate katikati, kiache dakika chache. Utomvu ukikauka ukabaki mweupe, kimekomaa. Ukigeuka mweusi, subiri wiki mbili.

Nivune vipi ili visioze?

Siku tano hadi saba kabla ya kufukua, kata marando yote (yatumie: mbegu, mbuzi, ng'ombe). Ngozi ya viazi hukomaa na kushika. Kisha fukua kuanzia ubavuni mwa tuta, mbali na shina, ukitumia mti uliochongwa au jembe la meno, ukimalizia kwa mikono. Usivivute kwa shina, usivitupie kwenye ndoo kutoka mbali. Mchubuko mdogo ndio unaooza kwanza na kuambukiza jirani zake.

Usivioshe. Pangusa udongo kwa mkono na utenge palepale makundi matatu: vizima vya kuhifadhi, vilivyokatwa vya kula wiki hii, vilivyotobolewa.

Vizima viponyeshe kabla ya kuvihifadhi. Kiazi kina uwezo wa kujiziba majeraha kikipata joto la nyuzi kama 27 hadi 32 na unyevu mwingi hewani, kwa siku nne hadi saba. Joto hilo tunalo bure. Unyevu uutengeneze: vipange kivulini juu ya nyasi, weka fito juu yake, tandaza gunia lililolowa juu ya fito lisigusane na viazi, na lilowanishe kila asubuhi. Baada ya siku hizo utaona mikwaruzo imekauka na kuwa na ngozi mpya. Hatua hii watu huiruka kwa haraka ya kuingiza ndani, halafu wanailaumu aina ya kiazi.

Vibichi vitakaa muda gani, na niviweke wapi?

Jikoni kwenye kapu, wiki mbili hadi tatu. Ndani ya mfuko wa nailoni, siku chache, vitatoa jasho na kuoza.

Ukitaka miezi miwili hadi mitatu, tumia mchanga mkavu. Beseni pana, ndoo iliyotobolewa au kona ya stoo: tandaza mchanga, panga viazi visigusane, funika kwa mchanga, panga tena. Mchanga uwe mkavu kabisa na umepoa. Ukiuanika juani uache kivulini usiku mzima kwanza. Mahali pawe na kivuli na panya wasipafikie.

Penye ardhi isiyotuama maji unaweza kuchimba shimo la kina cha mita moja, ukatandika nyasi kavu chini na ubavuni, ukapanga viazi hadi robo tatu, ukafunika kwa nyasi na kujenga kijipaa cha kuzuia mvua, pakibaki upenyo wa hewa. Kwa maeneo ya mbuga au karibu na ziwa usijaribu.

Kila wiki mbili fungua ukague. Kimoja kikianza kulainika, kitoe pamoja na mchanga unaokizunguka.

Friji haifai?

Haifai. Chini ya nyuzi kama 12 kiazi kitamu kibichi kinaumia: moyo wake unakuwa mgumu, haiivi hata ukichemsha saa nzima, na kinaoza haraka kikitolewa. Kilichochemshwa kinaingia friji bila shida.

Michembe na matobolwa vinatengenezwaje hasa? Bibi alijua, mimi sikujifunza.

Hii ndiyo hifadhi ya kweli ya Usukumani, na hakuna beseni la mchanga litakaloifikia. Michembe ni viazi vibichi vilivyokatwa na kukaushwa. Matobolwa ni vilivyochemshwa kwanza.

Kwa michembe, viazi vikae kivulini siku mbili tatu vinywee kidogo. Vikinywea havivunjiki kisuni na vinaongeza utamu. Menya, kata vipande vyembamba vinavyolingana, unene wa milimita tano hivi. Kulingana ni muhimu kuliko wembamba, kwani kipande kinene katikati ya vyembamba ndicho kitakachobeba ukungu na kuambukiza gunia zima. Anika siku hiyo hiyo, asubuhi. Miamba yetu ni mizuri kwa kazi hii: saa tano jiwe limeshapata moto, kipande kinakaushwa chini na juu kwa pamoja, na ukipita na mkono kukigeuza saa nane unasikia kimeanza kukwaruza. Lakini tandika mkeka au turubai safi, kwa sababu ya vumbi, kuku na mbuzi. Jioni kusanya, funika. Umande wa usiku mmoja unaweza kuharibu rangi na kuleta ukungu. Siku tatu hadi nne za jua la Juni zinatosha. Kipande kilichokauka kinavunjika kwa mlio. Kikipinda, rudisha juani.

Kwa matobolwa, chemsha viazi na maganda yake mpaka viive lakini visipondeke, viache vipoe, menya, kata vipande vinene kidogo kuliko vya michembe, anika. Vinachukua siku nyingi zaidi na vinatoka vigumu, vya rangi ya kahawia, vitamu. Watoto huvitafuna na karanga wakienda shule.

Viazi lishe ukivianika juani moja kwa moja vinapoteza sehemu ya karotini. Vikaushe kivulini penye upepo, au chini ya kitambaa chepesi cheusi kilichoinuliwa.

Kilo 10 za viazi vibichi huacha takriban kilo tatu, au pungufu. Ondoa joto la jua kwanza, kisha weka kwenye debe lenye kifuniko au mifuko isiyopitisha hewa inayouzwa maduka ya pembejeo. Gunia la kawaida halitoshi, kwa sababu dumuzi, yule yule wa mahindi ambaye kuingia kwake nchini kuligunduliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, anakula michembe pia. Vikifungwa vizuri vinafika msimu mwingine wa mavuno. Kupika, osha, loweka muda mfupi, chemsha na karanga zilizotwangwa, ule na maziwa mgando.

Vilivyotobolewa naweza kukata sehemu mbaya nikala?

Ukikata kwa upana na kilichobaki hakina uchungu, ndiyo. Kikiwa kichungu, hata kidogo, acha. Uchungu ule unatokana na kemikali zinazoweza kudhuru ini, na kupika hakuziondoi. Na usimpe ng'ombe viazi vyenye ukungu ukidhani tumbo lake linahimili. Vinashambulia mapafu, anahema kwa shida, na anaweza kufa.

Kila mwaka mvua zinaanza sina marando. Nitunzeje mbegu kiangazi?

Tumia mchanga tena. Wakati wa kuvuna, chagua viazi vidogo vya ukubwa wa yai au zaidi kidogo, kutoka kwenye mimea iliyokuwa haina virusi, visivyo na tundu hata moja. Viweke kwenye beseni lenye mchanga mkavu kama nilivyoeleza, ndani ya nyumba. Kila mwezi vipekue: kilichooza kitoe, machipukizi marefu yaondoe, rudisha mchanga.

Wiki sita hadi nane kabla ya mvua, yaani mwanzoni au katikati ya Septemba, uvipande kwenye kitalu kidogo karibu na maji, nusu mita kutoka kimoja hadi kingine, juu yake udongo wa vidole vitatu. Zungushia miiba, maana kuku na mbuzi hawana kijani kingine mwezi huo. Mwagilia kila baada ya siku nne au tano. Kiazi kimoja hutoa machipukizi mengi, na ukikata nchani yanachipua tena, kwa hiyo viazi kumi na tano au ishirini vinatosha kabisa kwa kiwanja cha matuta matano. Novemba mvua zikishika, wewe unakata marando yako mwenyewe, na jirani anayetafuta utampa yaliyokaguliwa.